Nilimwandika Baba Marehemu Ili Nisome Uingereza

Nina umri wa miaka ishirini na nane. Mimi ni Msukuma, mzaliwa wa Simiyu, na jina langu ni Kabula. Nina shahada mbili, ya pili niliisomea Uingereza. Hapa Bariadi mjini watu wakinisimamisha njiani kunipongeza natabasamu, huku natamani ardhi ipasuke nizame.

Nitakachowasimulia hakuna aliyenilazimisha kukifanya. Sikurogwa, sikutapeliwa, sikudanganywa na mwanaume... Mwongo katika mkasa huu ni mimi mwenyewe!

Baba yangu aliitwa Doto. Alizaliwa pacha, na Kulwa wake, yule aliyetangulia kuzaliwa, ndiye aliyepelekwa shule wakati baba akichunga ng'ombe. Kwa hiyo baba mkubwa Kulwa alijua kusoma, baba hakujua. Baba mkubwa alifariki nikiwa kidato cha tatu, bila kuacha mke wala mtoto, akazikwa kando ya boma letu. Baba akabaki na pamba yake, mahindi yake na mifugo yake, na kwa hayo akanisomesha mpaka chuo kikuu.

Nilipomaliza chuo sikupata ajira. Nikarudi nyumbani, nikawa mwalimu wa kujitolea wa baiolojia katika sekondari moja ya kata. Vipindi vikiisha nilikuwa nakaa na simu yangu kutafuta vyuo vya nje. Hatimaye nikapata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Uingereza. Nafasi ilikuwepo, wa kunisomesha ndiye hakuwepo.

Niliomba ufadhili mara mbili, nikakataliwa mara mbili. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye akaomba aione barua yangu ya kujieleza. Aliisoma akacheka. Akaniambia barua yangu haina machozi, na kwamba wafadhili wanamchukua yule anayewaliza.

Niliisoma tena nikaona anasema kweli. Huzuni yetu ilikuwa wapi? Tulikula tukashiba. Baba hakuwa mlevi, hakumpiga mama, hakutaka kuniozesha nikiwa shuleni. Msomaji, hutaamini... nilimkasirikia baba yangu kwa sababu alikuwa mtu mwema!

Ndipo nikaona tangazo la mfuko mmoja unaosomesha yatima kutoka vijijini. Nikajaza fomu. Penye jina la baba nikaandika Doto, na mbele yake nikaandika "marehemu".

Nilisita? Nilisita kidogo tu. Nikajiambia hii ni karatasi, na baba mwenyewe yuko pale nje anamfunga ndama, neno moja kwenye fomu halitampunguzia hata unywele. Walitaka picha ya kaburi, nikapiga la baba mkubwa, maana maandishi ya msalaba wake yalishafutika kwa jua. Walitaka tamko la mlezi lenye sahihi au dole gumba. Mlezi nikamwandika Kulwa, pacha wa marehemu.

Mnaelewa nilichofanya? Aliyekufa nilimfufua, aliye hai nikamzika!

Ilikuwa Jumapili, baba ametoka kanisani, bado amevaa koti lake. Nikaweka karatasi juu ya stuli, na wino wa mhuri niliouazima shuleni. Nikakishika kile kidole chake kigumu kilichopasukapasuka kwa jembe. Kabla sijakikandamiza, baba akaiinamia karatasi. Kusoma hakujua, lakini umbo la jina lake alilifahamu kutoka kwenye kadi yake ya kuuzia pamba.

"Mayu," akaniita, maana kwetu hata binti huitwa mama kwa mapenzi, "mbona jina langu leo halianzi na ile herufi yenye tumbo?"

Nikamjibu kwamba kwa Kiingereza linaandikwa hivyo.

"Kumbe!" akasema. Akacheka, akaweka dole. Akauliza kama limekaa sawa, nikamwambia limekaa sawa sana.

Miezi miwili baadaye nikapigiwa simu. Nimebaki miongoni mwa wachache! Nikaruka pale kwenye ofisi ya walimu mpaka kiti kikaanguka. Kisha yule dada wa mfuko akaendelea... wageni wawili wangefika nyumbani keshokutwa. Wangependa kumwona mlezi wangu, na wangependa kuliona kaburi la baba.

Nilitembea kutoka shuleni hadi nyumbani bila kujua napita wapi. Nikawakuta baba na mama wanapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikasema yote.

Mama alisimama na gunzi mkononi. Akasema yeye hawezi kuwa mjane wakati mume wake yuko hapa anakula ugali, na kwamba siku hiyo ya wageni nisimtafute. Na kweli, asubuhi ya siku hiyo alikwenda kwa dada yake, kijiji cha Mwamapalala, bila kuniaga.

Baba akachukua hindi jingine. Aliendelea kupukuchua. Mwisho akauliza polepole:

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufa, na Kulwa yupo?"

"Ndiyo, baba."

"Na dole niliweka mwenyewe?"

"Ndiyo, baba..."

Nilingoja anipige. Laiti angenipiga! Badala yake akaniuliza kama hao wageni wanakula kuku, au tuwatafutie nyama.

Walikuja wanawake wawili, mmoja ni yule dada wa simu, wapole, wamevaa viatu visivyofaa kwa udongo wetu. Baba akawapokea na kofia mkononi. Walipomuuliza jina akasema, "Naitwa Kulwa." Hakukosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyeteleza, nikamwita baba, na yeye akanitazama tu, mpaka nikaongeza neno "mkubwa".

Tukaenda kaburini. Baba akavua tena kofia, akaweka mkono juu ya ule msalaba, akasema, "Hapa amelala mdogo wangu, Doto."  Akalia, jamani... akalia mbele ya wageni kama ambavyo sijawahi kumwona akilia! Mmoja wa wale akina mama naye akafuta machozi. Walidhani analia kwa ajili ya ndugu yake tu.

Na mimi? Niseme ukweli wangu wote, maana nimeshaanza. Wakati baba analia, moyoni nilisema: nimepata.

Nilipata kweli. Majibu yalipotoka kijiji kizima kilinipongeza, na baba alichinja mbuzi. Watu walipokwisha kuondoka akaniita pembeni. Akaniambia kuna jambo moja anataka tufanye kabla sijasafiri, mimi na yeye tu. Twende kaburini tumwombe Kulwa radhi, kwa sababu tumemchukulia jina lake na mahali pake, na pacha hafanyiwi hivyo. Alisema tangu siku ile halali vizuri.

Nikamwambia tutakwenda, ila wiki hiyo nilikuwa nabanwa na mambo ya safari. Wiki iliyofuata nikawa natafuta nakala za vyeti, halafu nikawa nangoja barua ya chuo. Akanikumbusha mara mbili. Mara ya tatu hakunikumbusha.

Nikaondoka kwenda Dar es Salaam kupima kifua kikuu na kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza. Baba alinisindikiza hadi kituoni Bariadi, akanipa mfuko wa karanga. Nikamwambia nikipata viza nitarudi kuaga, na hapo ndipo tutakwenda kaburini. Viza ikachelewa. Ilipotoka zikawa zimebaki siku tatu kabla ya kuruka, nikaona sina haja ya kurudi, nitaaga kwa simu.

Siku moja kabla ya safari, saa nne asubuhi, kaka yangu Masanja akapiga. Nilidhani ananitakia safari njema. Akaniambia baba amefariki. Tumbo lilimshika ghafla, wakamkimbiza hospitali, wakamfanyia upasuaji, lakini hakuamka.

Nililia pale kwenye ngazi za nyumba ya watu mpaka jirani akatoka. Nilipopata nguvu nikampigia yule dada wa mfuko nimwombe asogeze tiketi yangu, hata kwa siku nne. Akaniuliza nimefiwa na nani.

Nimefiwa na nani! Ningemwambia nini? Baba yangu kwake alikuwa marehemu tangu zamani, na kaburi wameliona.

Nikasema nimefiwa na baba mkubwa.

Alinifariji kwa dhati, alimkumbuka yule mzee mpole aliyewakaribisha kuku. Akaenda kuuliza, akarudi kwenye simu. "Pole sana, Kabula. Utaratibu wetu unaruhusu msiba wa mzazi, mume au mtoto tu. Angekuwa mzazi wako tungesogeza leo hii."

Ilibaki sentensi moja, wasomaji wenzangu. Ningesema, "Huyo ndiye mzazi wangu." Nilifungua mdomo kabisa... halafu nikasema, "Asante, nimeelewa."

Kesho yake, saa ambayo nyumbani walikuwa wanamteremsha baba kaburini, mimi nilikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, nimeshika pasi ya kusafiria yenye jina lake katikati ya majina yangu.

Sitawasimulia Uingereza. Nilisoma, nilifaulu, nilikula peke yangu. Mama hakupokea simu zangu. Masanja alikuwa akipokea na kujibu kwa mkato, mpaka siku moja, nafikiri alichoka kubeba siri, akaniambia jambo ambalo sikulijua.

Walipomfikisha baba hospitali, muuguzi aliuliza jina la mgonjwa. Masanja akafungua kinywa kusema Doto. Baba, na maumivu yale yote, akamshika mkono akasema, "Andika Kulwa." Masanja akadhani anaweweseka. Baba akamwambia kwamba wale wageni walisema wanaweza kurudi kuuliza habari zetu, na Kabula bado hajapanda ndege.

Alikuwa ananilinda! Mtu niliyemwandika marehemu alitumia pumzi zake za mwisho kuulinda uongo wangu. Sisemi nilimuua. Madaktari walisema ni utumbo. Lakini alikufa akiwa amelivua jina lake kwa ajili yangu, na mimi ule mwendo wa dakika mbili hadi kaburini sikuupatia nafasi.

Nilirudi Simiyu mwaka jana. Mama alinipikia, akanitandikia, akaniita "mgeni". Na hapo ndipo nikakuta uongo wangu haujamaliza kazi. Kibali cha mazishi kiliandikwa Kulwa. Kulwa ana cheti cha kifo tangu nikiwa sekondari. Doto hana. Shamba la pamba lina hati ya Doto, na mama hawezi kufungua mirathi ya mtu ambaye hakuna karatasi inayosema amekufa. Alipokuwa hai nilimwandika amekufa. Amekufa, na serikali inamjua yu hai!

Mama alikuwa akizungushwa dirisha hadi dirisha na kibali kile mkononi, mwanamke mzima anaulizwa kama ana uhakika mume wake ni nani. Njia iliyobaki ni mtu anayejua ukweli wote aape mahakamani. Masanja alikuwa tayari kuapa nusu, aseme hospitali walikosea jina. Nilikataa. Hospitali haikukosea chochote.

Wiki iliyopita nimeapa. Nimeandika kiapo changu kwa mkono, kurasa mbili, tangu fomu hadi msalaba hadi dole gumba. Nakala nimeutumia ule mfuko. Wanaweza kunidai kila walichotoa, wanaweza kulitangaza jina langu, na shule inayotaka kuniajiri inaweza kubadili mawazo. Sijapata jibu lao mpaka leo.

Karani alikisoma kile kiapo kwa sauti ili kukihakiki. Mama alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, na mambo mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, hasa ile simu ya tiketi. Karani alipofika mwisho akaniuliza, kwa sababu nafasi ile niliiacha wazi, uhusiano wangu na marehemu Doto ni upi.

Nikabaki naitazama ile nafasi iliyo wazi. Karani akauliza tena. Mama ndiye aliyejibu kutoka nyuma, kwa sauti kavu: "Ni mwanae."

Hakunitazama tulipotoka. Lakini ni mara yake ya kwanza kusema hivyo tangu nirudi, na kauli hiyo nimeishika.

Wadogo zangu mnaojaza fomu za vyuo vya nje, nawasihi. Mtaambiwa maisha yenu hayana machozi ya kutosha. Mtashawishika kumfukuza baba, kumtia mama ugonjwa asiougua, kuichoma nyumba ambayo haijaungua, kwa sababu ni karatasi tu. Msifanye! Andika ukweli wako hata kama haumlizi mtu. Ukikataliwa, utakataliwa ukiwa na baba yako nje anamfunga ndama, na jioni utakwenda kumwambia, na atakwambia ujaribu tena mwakani.