Kila Mstari na Muhuri Wake

Asubuhi Dilmaya alijaza mtungi wake wa shaba kwenye chemchemi, akapanda nao mlima hadi nyumbani. Juu ya paa bendera ya chama cha Ngoma ilipepea, kama ilivyopepea tangu enzi za babu wa mumewe.

Baba mkwe wake, Mzee Jitman, alikuwa akiota jua uani.

"Kesho kutwa kwenye kura ni Ngoma tu!" alisema. "Gonga muhuri kuanzia juu hadi chini, safu nzima!"

"Lakini Baba, Ngoma wenyewe hawapatani. Mgombea wao wa umeya anataka barabara ipasue msitu wa chemchemi. Yule wa uenyekiti wa kata anakataa. Hata wapinzani wao, chama cha Mwavuli, wamegawanyika."

"Barabara naitaka! Magoti yangu yamechoka na mlima huu."

"Na chemchemi ikikauka, mzee, utakunywa vumbi?" mkewe, Gaumati, alidakia kutoka jikoni.

Wote walicheka. Lakini moyo wa Dilmaya ulikuwa mzito. Je, akiiokoa chemchemi, atakuwa ameisaliti nyumba?

Jioni alikuja jirani yao, Mwalimu Sabina, aliyefundisha wapiga kura. Alitandaza karatasi ya kura ya mfano mkekani.

"Mwalimu, nikianza na Ngoma, lazima nimalize na Ngoma?"

"Nani kasema? Kila mstari ni cheo chake. Meya mchague wa chama hiki, mwenyekiti wa kata wa chama kile, ukipenda. Ila cheo cha mtu mmoja usikigongee alama mbili, kura hiyo itaharibika. Na usikisie kwa bendera. Waulize wagombea wenyewe."

Kesho yake Dilmaya na wakwe zake waliwauliza wagombea sokoni. Mgombea umeya wa Mwavuli alijibu, "Barabara nitaipitisha chini ya mashamba. Itachelewa, lakini msitu utabaki."

Mzee Jitman alikuna kidevu.

Siku ya kura Dilmaya alivaa shanga zake nzuri. Nyuma ya pazia aligonga Mwavuli kwa meya, Ngoma kwa kata.

Wagombea wake wote wawili walishinda. Barabara ilichelewa kweli, lakini ilifika, na chemchemi haikukauka. Mzee Jitman aliteremka garini, akanywa maji ya chemchemi kwa viganja.

"Haya, mzee," Gaumati alimtania, "na ile safu nzima ya Ngoma?"

"Kura ni siri," alijibu, akifuta masharubu. "Ila hata mkono wangu ulitembea kidogo nje ya safu."

Juu ya paa bendera ilikuwa bado ikipepea.