Mbuyi Bila Kabanga

Kila asubuhi, king'ora cha mgodi kilipolia, Tshibola alikuwa ameshaosha sufuria na kumenya mihogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mtaa wao wa Musonoi, mjini Kolwezi, hakuna msichana aliyemshinda kwa bidii. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuweza kuvumilia kuchekwa.

Juma hilo mama yake alijifungua mtoto wa kike. Baba yake, Tata Tshimanga, alikuwa kazini kwenye bwawa la Nzilo. Alituma habari kwamba mtoto apewe jina la mama yake yeye mwenyewe, marehemu Bitshilualua. Jina hilo lilijulikana na wazee wachache tu kutoka Kasai, mkoa wa asili yao. Watoto wa shuleni walipojaribu kulitamka, ndimi ziligongana, wakaishia kumwita mtoto Bilulu, yaani vidudu. Tshibola alitamani ardhi immeze.

Siku ya nne mama, ambaye bado alikuwa dhaifu, alimtuma kwenye zahanati kuandikisha jina.

"Jina ya mutoto ni nani?" aliuliza muuguzi, Mama Amisa.

Foleni nzima ya akina mama ilikuwa inasikiliza. Jina la kizungu lisingekubaliwa, kwa maana siku hizo za Zaire serikali iliamuru kila mtu arudi kwenye majina ya mababu. Tshibola alimkumbuka Mbuyi wa darasani kwao, msichana aliyependwa na wote. Akina Mbuyi walikuwa wengi mtaani, na hakuna aliyewacheka.

"Mbuyi," alijibu.

Mama Amisa akaandika. Lakini jirani yao Mama Mado, aliyezaliwa Kasai, alishtuka hadi nusura amwangushe mtoto wake.

Saa nane mchana ua wao ulijaa wanawake wanaolia. Mama yake Tshibola alitoka nje na mtoto kifuani, macho yamemtoka.

"Munalilia nani?"

"Kabanga!" alisema Mama Mado, akijifuta machozi. "Kwa mapacha, Mbuyi anatangulia, Kabanga anamufwata. Kwako tunaona mutoto moya tu. Mwenzake alikufa, na ukatuficha?"

Tshibola akaganda. Kumbe! Yeye alizaliwa Kolwezi, na mambo ya Kasai aliyasikia nusunusu.

"Mi sina mapacha!" mama alipiga kelele. "Mutoto yangu ni Bitshilualua! Nani alisema Mbuyi?"

Kabla Tshibola hajajibu, lori lilisimama barabarani. Dereva wake, Omari, aliyemsikia Mama Mado asubuhi pale zahanati, alikuwa amezifikisha habari hizo Nzilo. Tata Tshimanga akaruka chini na nguo zake za kazi, uso umejaa vumbi na machozi. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa mkewe.

"Ingine iko wapi?" aliuliza kwa sauti ambayo Tshibola hakuwahi kuisikia. "Mulishamuzika?"

Tshibola alianguka magotini. "Tata, hakuna ingine! Ni mi nilidanganya, nilisema bongo. Niliona haya juu ya jina."

Tata Tshimanga akaketi chini. Tshibola alisubiri kofi, lakini halikuja.

"Tangu Nzilo mpaka hapa," baba alisema polepole, "nililia mutoto mwenye hakuzaliwaka."

Heri angempiga. Tshibola alilia mpaka akaishiwa na sauti.

Kesho yake Tshibola na baba yake walikwenda zahanati. Mama Amisa alilikata jina la Mbuyi, akajaribu: "Bichi... Bichila..." Foleni ikacheka. Safari hii Tshibola hakuinamisha kichwa.

"Bi-tshi-lua-lua," alisema kwa sauti, mara tatu, hadi muuguzi akalipata na foleni nzima ikalirudia.

"Unaona?" baba alimwambia. "Jina nguvu kutamka, batu banaizoea siku moya. Lakini bongo, hata ya neno moya, inaliza nyumba muzima."

Tshibola aliipokea karatasi ya mdogo wake kwa mikono miwili, akalisoma jina lote njia nzima mpaka nyumbani.