Chumvi ya Buluu ya Aanna

Aanna alimimina kahawa, akatumbukiza vipande vya jibini kikombeni, kama desturi ya kwao. Alikunywa peke yake, kama kila siku tangu mumewe afariki. Zamani, siku ya kuchinja kulungu wao wa kufugwa, bintiye Maarja alikuwa akija na watoto. Kisha kinu cha nyuklia kililipuka nchi ya mbali, mvua ikaleta sumu ya seziamu hadi mlimani kwao.

"Mama, siwezi kuwalisha watoto nyama hiyo," Maarja alisema kwa simu. Hakuja tena. Upweke ulimla Aanna kimyakimya.

Nilla, mpimaji wa sumu kwenye mifugo, alifika akabana kipimo kwenye paja la kulungu.

"Bado, shangazi. Sumu imezidi kiwango. Huyu hachinjwi."

"Haiwezekani. Chumvi ya buluu uliyoniletea ya kuondoa sumu wameilamba tangu kiangazi."

"Na chakula?"

"Nimewalisha kama wageni. Nimewakusanyia kuvumwani, ule uoto mweupe wa mawe. Gunia kwa gunia. Uliza mgongo wangu."

Nilla akaguna. "Humo ndimo sumu ilimo, shangazi. Kuvumwani haina mizizi. Hunywa mvua, na kilichokuja na mvua inakishika miaka."

Aanna akakaa juu ya gunia. Kumbe ni mikono yake mwenyewe iliyomzuia bintiye asije.

"Basi hiyo buluu ni pambo tu?"

"Hapana. Ndani yake mna vizimba vidogo, havionekani kwa macho. Seziamu ikipita tumboni inanaswa humo, inatoka na kinyesi. Lakini wewe unaongeza magunia, vizimba vitatosha wapi? Endelea na chumvi, na uwape chakula safi cha mifuko kutoka dukani, wiki nane. Iliyo mwilini itapungua."

"Chakula cha mifuko! Marehemu angenicheka."

"Angecheka, kisha angekula."

Wiki nane zilipita. Nilla alipima, akamwachia Aanna asome mwenyewe. Sumu ilikuwa chini ya kiwango. Akampigia bintiye.

"Nilla amepima mara ngapi?" Maarja aliuliza.

"Tatu. Nilimlazimisha."

Jumamosi, kulungu alipochinjwa, Maarja na watoto walikuja. Mjukuu mdogo aliitazama sahani. "Bibi, hii ndiyo nyama yenye sumu?"

"Ilikuwa nayo. Sumu tumeitia kizimbani, ikatoka."

Maarja alichukua mfupa, akaonja kwanza yeye. Kisha akamsogezea mtoto sahani.

Kwa furaha Aanna alisahau kula. Alikaa akiwatazama, kahawa yake ikapoa.