Kikombe cha Haraka

Kila alasiri baada ya shule, Kasuku alifuatana na shangazi yake hospitalini. Shangazi, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alibeba chakula cha mama. Kasuku alikuwa na kazi moja tu: kuosha kikombe cha mdogo wake, aliyenyweshwa humo maziwa ya mama kwa kuwa hakuwa na nguvu za kunyonya. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya wakati, ndiyo maana wakamwita Haraka. Alilala kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mdogo kama kiatu.

"Maziwa kamaliza?" daktari aliuliza. "Akinywa vizuri, kesho mnakwenda nyumbani."

"Yote, daktari," mama alijibu.

Kasuku alitazama kikombe mkononi mwake. Nusu ilikuwa bado imo. Shangazi akamkonyeza: funga mdomo.

Lakini mbavu za Haraka zilipanda na kushuka upesi upesi, kama za mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Hajamaliza," Kasuku alisema. "Akinywa kidogo anahema, analala. Hata jana nilimwaga yaliyobaki."

"Huyu hakuitwa Kasuku bure," shangazi alinung'unika.

Mama aliinamisha kichwa. "Nimechoka kulala hapa, daktari."

Daktari hakumkaripia. Aliweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani kwa Haraka, akasikiliza kwa makini, kisha akamvisha shangazi masikioni. "Unasikia nini?"

Shangazi alikunja uso, akatega masikio. "Cherehani yangu," alisema polepole. "Inavuma bila kupumzika."

Haraka akapigwa picha ya moyo. Daktari aliwaonyesha kwenye kioo cha mashine. "Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu, kwa hiyo damu hupitia kijishipa hiki karibu na moyo. Akizaliwa, hujifunga. Kwa wanaowahi kuja, mara nyingi hubaki wazi, damu ikazidi mapafuni. Ndiyo maana huyu anahema. Tutampa dawa ya kukifunga."

Wiki iliyofuata walipiga picha nyingine. Kijishipa kilikuwa kimejifunga. Haraka alimaliza kikombe, akalia aongezwe.

Siku waliyorudi nyumbani, shangazi alimwita Kasuku kwenye cherehani. "Siku ile nilitaka kukushona huo mdomo."

"Na sasa, shangazi?"

"Sasa nakushonea gauni. Fundi akipewa vipimo vya uongo, nguo haikai. Daktari naye ni vivyo hivyo, na mimi mtu mzima nilisahau. Mficha maradhi, kilio humfichua." Akachukua utepe wa kupimia. "Haya, simama wima. Na usibane tumbo."