Dari la Mama Kavugho

Jua lilikuwa linazama nilipovuka mto Lualaba kutoka mtaa wangu wa Alunguli. Mtumbwi ulikuwa karibu mtupu, maana saa ile watu wenye akili wanarudi makwao. Mimi nilikuwa nakwenda kazini, sanduku la nyundo na misumari limekaa magotini.

Naitwa Florentin. Miaka ile ya Zaire chama kilitunyang'anya majina ya ubatizo, kwa hiyo kwenye kitambulisho nilikuwa Mutambala, lakini mke wangu hakuniita hivyo hata siku moja. Kazi yangu ni useremala. Na kwa sababu nyumba za zamani za Wabelgiji zina dari za mbao, nikajikuta na kazi ya pili: kutoa kanu darini. Kanu ni mnyama mdogo, ana madoadoa mwilini na pete mkiani, na harufu yake usiombe. Anaingia chini ya ukingo wa bati, anazaa juu ya vichwa vya watu, na nyumba nzima hailali.

Aliyeniita ni Kikuni, Sitwayeni Kikuni kama chama kilivyotulazimisha kuitana, mkubwa wa chama katika mtaa wake. Sikutaka kwenda. Lakini zamani zile mkubwa wa chama akikuita, miguu inatangulia, moyo utafuata baadaye.

Sikutaka kwa sababu ya nyumba yenyewe...

Ilikuwa nyumba ya Mama Kavugho, mjane kutoka Butembo, aliyeuza chumvi, sabuni na misumari kwenye chumba cha mbele. Mimi alikuwa ananiongezea misumari kiganjani na kusema, "Chukua, fundi, nyumba haisimame na misumari ya kuhesabu." Kikuni aliitamani nyumba ile. Siku moja mama alikwenda gare ya treni kupokea magunia yake, akamwacha mwanawe Paulin amelala na homa. Kikuni akaja na askari. Akasema mwanamke anaficha chumvi ya taifa, akafunga mlango na madirisha, akaweka muhuri wa serikali, ile nta nyekundu.

Mama akarudi, akakuta nta. Akaupiga mlango kwa jiwe. Kuvunja muhuri wa serikali lilikuwa kosa la kuasi taifa, basi wakamtia kasho, chumba cha mahabusu. Alipiga kelele kwamba mwanawe yumo ndani. Kikuni akasema ni uongo wa wafanyabiashara.

Majirani walimsikia mtoto akilia. Walimsikia vizuri sana. Hakuna aliyegusa nta.

Muhuri ulipokuja kufunguliwa, miezi baadaye, mama alikuwa ameshafia kasho. Na ndani hapakuwa na mtoto. Kitanda kitupu, shuka limekunjamana. Kikuni akasimama barazani mbele ya watu akasema, "Munaona? Yule mwanamuke alikuwa mwongo." Kisha akahamia na mkewe Odile. Nilipoyasikia hayo nilitema mate chini, na hadi leo nikimkumbuka natema.

Odile ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa amembeba mtoto wake wa kwanza, bado mchanga, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Fundi, karibu," alinong'ona. "Iko inatembea darini, juu ya kitanda ya mutoto. Kila magaribi. Inafika pale, inasimama."

"Ni kanu, mama. Tutamutoa."

"Kanu inavuta pumzi kama muntu?"

Kikuni akatokea sebuleni ndani ya abakosti yake, lile koti la chama, vifungo vimefika shingoni.

"Funga ile tundu ya chini ya bati leo. Kesho niko na wageni wa chama."

"Sitwayeni, kanu hafungiwe hivyo," nilimwambia. "Mama anatoka magaribi kutafuta chakula. Unamuacha kwanza ahamishe watoto, moja moja, anawabeba na meno kwa shingo. Wakiisha wote, njo unafunga. Ukifungia watoto ndani, mama atabomoa nyumba."

Akacheka. "Nyama itanifanya nini mimi? Funga."

Nikaingia chumba cha nyuma, kilichokuwa ghala ya duka. Rafu za Mama Kavugho zilikuwa bado ukutani, zimepanda hadi kwenye kidirisha cha kupandia darini, kilichofunikwa kwa ubao. Nikaweka ngazi ya Odile, nikasukuma ubao, nikapanda na tochi yangu.

Giza. Joto la bati. Vumbi.

Nilitafuta watoto wa kanu, maana hata akiniamuru Kikuni mara mia, mimi sifungii kitoto ndani. Hawakuwamo. Kinyesi kilikuwa kikavu, cha zamani. Hakuna kanu aliyekanyaga pale kwa miezi mingi.

Sasa ni nani anayetembea kila magharibi?

Nikatambaa kuelekea kwenye tundu. Liko chini ya ukingo wa bati, upana wake ni kama sahani, na mwanga wa mwisho wa jua ulikuwa unaingia pale. Karibu na tundu nikaona mikwaruzo kwenye mbao. Haikuwa ya makucha. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vidole vilivyokwaruza pale vilikuwa kama vyangu, ila vidogo. Vidogo sana.

Na kando kulikuwa na shati. Shati la bluu la mtoto.

Nikaelewa yote kwa mara moja, na natamani nisingeelewa. Mtoto wa watu alipanda rafu. Alisukuma ubao, akaufuata mwanga hadi kwenye tundu la kanu, akaweka mdomo pale, akaita. Ndiyo maana majirani walimsikia vizuri. Na waliofungua muhuri walitazama chini ya kitanda wakaridhika. Kichwa hakikupita kwenye tundu, na homa ilifanya kazi yake.

Ndani ya shati mlikuwa na... Basi. Aliyewahi kuzika anajua.

Nililia.

Hapo mwanga wa tundu ukazimika.

Kitu kiliziba kwa nje. Uso. Ukuta ule una urefu wa watu wawili, na ngazi ilikuwa ndani.

"Fundi."

Harufu ya sabuni ya mche ikanijia, na nyuma yake harufu ya ukuta mbichi, ukuta wa kasho.

"Usifunge. Wangu hajatoka."

Chini yangu mtoto wa Odile akaanza kulia. Ule uso ukageuka taratibu kuelekea kwenye sauti ile.

"Nimengoja," alinong'ona. "Kila magaribi nakuja, hawanipe. Leo nabeba ule."

"Apana, mama." Sijui nguvu niliipata wapi. "Ule hana kosa. Wako iko hapa. Njo huyu."

Nikalikunja lile shati na vilivyomo, polepole, nisidondoshe kitu. Nikalisogeza hadi kwenye tundu. Mikono ikaingia. Iligusa yangu, baridi kama maji ya kisima. Ikampokea kama mama anavyompokea mtoto aliyelala mgongoni mwa mtu mwingine, bila kumwamsha.

Nikaanza kurudi nyuma kwa magoti.

Nikadhani yamekwisha.

"Fundi... nani alifunga?"

"Fundi!" Kikuni alifoka kutoka chini. "Umefunga?"

Sikumjibu yeye. Nilimjibu mama.

"Iko ku salon," nilinong'ona. "Amevaa abakosti. Niachie kidogo tu, nitoe bibi yake na mutoto."

Wengine wanasema nilimtaja kwa hofu. Hapana. Nilimtaja kwa raha.

Nikashuka. Nikamwambia Odile nataka kufukiza pilipili darini, moshi utamuumiza mtoto, atoke. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, akafunga mtoto mgongoni bila kuuliza. Kikuni alikataa kuinuka kwenye kiti chake.

"Mimi nikimbie moshi ndani ya nyumba yangu?"

"Kama unavyopenda, Sitwayeni."

Tulivuka kizingiti. Nyuma yetu mlango ukajifunga polepole, na hapakuwa na upepo. Kitasa kikatikisika kwa ndani. Kikuni akacheka, akagonga. Akagonga tena. Hakucheka tena.

Majirani wakatoka na taa zao. Désiré, yule ambaye nyumba yake iko mkabala na lile tundu, ndiye aliyemulika kitasa. Akarudi nyuma.

Nta nyekundu. Bado laini, na chapa ya serikali juu yake.

"Nifungulieni!" Kikuni alilia.

Watu walitazamana. Askari wakaja, wakaiona chapa, wakasema bila amri kutoka zoni, ofisi ya wilaya, hakuna mtu wa kugusa. Zoni walikuwa wameshafunga ofisi. Tukasimama pale. Sauti ya Kikuni ilikuwa mlangoni, kisha ikawa chumba cha nyuma. Kisha tukasikia rafu zikilia kwa uzito. Kisha sauti ikawa juu, chini ya bati, na ikawa inatoka kwenye tundu.

"Nifungulieni... mama, nifungulie..."

Odile aliziba masikio ya mtoto wake. Yake mwenyewe hakuyaziba.

Amri ilipofika na mlango ukafunguliwa, hapakuwa na mtu ndani. Askari walitazama chini ya kitanda. Walinipa tochi nipande darini, nikakataa, na hakuna aliyepanda. Odile alirudi kwa wazazi wake Pangi. Nasikia mtoto amekua, mzima wa afya.

Nilidhani hesabu ya mama imeishia hapo. Kisha jioni moja Désiré akavuka mto kunitafuta nyumbani kwangu. Alikuwa ameloa jasho.

"Fundi, kuja sasa hivi. Ku plafo yangu kuko kitu."

"Kanu darini?"

"Apana. Kinaongea. Kinauliza."

Nikachukua nyundo yangu. "Kinauliza nini?"

"Kinauliza kama tulisikia."

Nilimtazama. Baba wa watu, mvi kichwani, amesimama mlangoni pangu.

"Na mulisikia?"

Désiré akainamisha macho.

Nikairudisha nyundo ndani ya sanduku.