Bomba Lililotandikwa Kinyume

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, Nkuhungu, Dodoma. Fundi Hanifu alikuwa akifukua bomba la zamani la maji machafu ili aunganishe choo cha chumba kipya cha Emiliana, sululu yake ikagonga mfupa. Chini ya bomba palikuwa na mifupa ya mtu mzima, na paja la kushoto lilikuwa na chuma cha hospitali. Emiliana alikitambua kabla polisi hawajafika. Kilikuwa cha mumewe Methodi, fundi bomba, ambaye miaka kumi na mmoja nyuma Emiliana aliambiwa kwamba kapanda basi kwenda kutafuta maisha.

Miaka kumi na mmoja, jamani, si mchezo. Mwanamke huyo alimkumbuka mumewe mpaka akamchukia, akamchukia mpaka akamkumbuka upya. Kila namba ngeni ikipiga, aliikimbilia simu.

Inspekta Yusra alianza na Adamu, fundi mwenza wa marehemu. Waliwahi kushikana mashati wakigombea kazi. Adamu hakuukana ugomvi. Akafuata Yohane, mdogo wa marehemu, karani wa ofisi moja kule Mtumba. Yohane ndiye aliyempa Emiliana habari siku mwanamke huyo aliporudi kutoka kuvuna kwao Kibakwe: kaka katandika bomba, kafukia, kaondoka. Sasa alidai huenda kaka alirudi kisirisiri, Adamu akamuua.

Yusra akamuuliza Hanifu kuhusu lile bomba. Hanifu alieleza kwamba bomba lina mdomo mpana upande mmoja, na fundi yeyote huuelekeza maji yanakotoka. Hili lilikuwa limegeuzwa lote, ndiyo maana choo kilikuwa kikirudisha maji miaka yote.

Saa nane mchana Yusra alimwita Adamu peke yake mtaroni, akampa mabomba mawili ayaunganishe. Adamu akaielekeza midomo nyumbani. Akayatenganisha, akaitwa Yohane, na Emiliana akasimama kando. Yohane akaielekeza midomo kwenye shimo la maji machafu.

"Maji si yanaenda huku?" alisema.

"Na siku ile ulitandika hivyohivyo," Yusra akamwambia.

Yohane alikaa chini kwenye udongo. Akakiri kwamba alimpenda Emiliana kabla kaka yake hajamposa. Jumapili ile, majirani wakiwa kanisani, yeye na kaka waligombana kwa ajili ya Emiliana, akampiga kaka kwa koleo. Aling'oa bomba, akamzika chini yake, akalirudisha alivyojua yeye.

"Nilidhani utamkatia tamaa, shemeji. Kwetu mdogo humrithi mke wa kaka."

"Humrithi mjane," Emiliana alijibu. "Ungesema amekufa, ningekuwa mjane. Ulisema amesafiri, nikamngoja."

Yohane alipopandishwa kwenye gari la polisi, Emiliana hakumtazama. Alimgeukia Yusra.

"Kwa hiyo hakupanda basi?"

"Hakupanda, mama. Hakutoka hapa nyumbani hata siku moja."

Emiliana akapiga magoti ukingoni mwa mtaro, akalia kwa sauti.

"Baba watoto, nisamehe. Nimekutukana bure."