Upande wa Kushoto wa Bundi

Ghorofa ya vifaa vya umeme ilikuwa imefurika. Wauza chaja wanaita, redio zinashindana, na mbele ya meza ya fundi wa kamera kuna foleni ambayo kila mtu anadai yeye ndiye wa kwanza. Akajipenyeza msichana mmoja wa gauni la kijani, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, akaweka kamera ndogo ya kompyuta mezani.

"Samahani kaka. Hii siku hizi inaniona nusu nusu."

Fundi akaacha bisibisi ikaanguka. Sura ile hakuwahi kuiona, lakini sauti aliijua kuliko ya mama yake mzazi.

"Bundi?" akanong'ona.

"Bundi gani tena? Mimi napokea simu za wateja wa kampuni ya maji."

"Ndiye huyo huyo. Jana umepigwa kisogoni kwa sababu ulikimbia kabla hujasikiliza."

Msichana akatazama nyuma haraka, kisha akacheka huku amejiziba mdomo. Alikuwa mmoja wa wale wanaocheza gemu mtandaoni mbele ya maelfu bila kuonyesha uso wao. Mahali pa uso wake palikuwa na katuni ya bundi wa kike mwenye macho makubwa na skafu nyekundu. Kamera ilisoma uso wake, na bundi akacheka alipocheka, akafumba macho alipofumba.

"Ndege wote waliojaa duniani, ukamchagua wa mkosi?"

"Mkosi kwa wapinzani wangu."

"Kwa uchezaji wa jana wewe bado ni kuku. Niachie kamera na namba ya simu."

Kamera haikuwa na tatizo lolote. Fundi aliipima mara mbili, akaifuta vumbi, akakaa nayo wiki nzima ili apate sababu ya kupiga simu. Tusimlaumu, wanaume wamefanya ujinga mkubwa kuliko huo kwa ajili ya sauti tu.

Mapenzi yao yakaanzia kwenye marudio. Kila Jumamosi mchana fundi alikuja kwenye chumba alichokaa Bundi na dada yake mkubwa, mshonaji, akaketi kulia kwake karibu na soketi, wakatazama upya mechi alizoshindwa. Lilikuwa gemu la kuwindana ndani ya majumba yaliyobomoka, na ufundi wake mkubwa ni masikio. Nyayo za adui husikika kwenye hedifoni kabla hujamwona, na mchezaji mzuri hujua zinatoka kushoto au kulia.

"Hapo ulifanya nini, kipenzi?"

"Nilikufa."

"Kabla ya kufa."

"Nilikuwa nakuwaza wewe."

"Basi mimi ndiye adui. Rudisha nyuma, tuone tena."

Dada mtu alikuwa akikanyaga cherehani yake na kutikisa kichwa. "Watu wanatongozana kwa maua, nyie mnatongozana kwa maiti," alisema. Lakini Bundi alipanda daraja baada ya daraja, watazamaji wakaongezeka, na mashindano makubwa ya mwaka yakamwita. Kwa msichana aliyetukanwa na wateja wa maji tangu asubuhi, pale ndipo mahali pekee duniani alipoitwa bingwa.

Karibu na mashindano, watazamaji wakaanza kumtania. Bundi anakonyeza! Jicho la kushoto la katuni lilichelewa kufumba, na mdomo ukapinda akicheka.

"Fundi, kamera yako imerudiwa na ugonjwa wake," alilalamika kwenye simu. "Na kichwa kinaniuma, sina hamu ya chochote."

"Ni uchovu, mama. Kamera niachie mimi."

Akaja na kamera mpya. Kosa likabaki lile lile. Basi akaingia ndani ya programu na kuiagiza iache kusoma upande wa kushoto wa uso, iige tu upande wa kulia. Bundi wa kwenye kioo cha kompyuta akafumba macho yote mawili sawasawa, akatabasamu vizuri kama zamani.

"Umepona," fundi alimwambia, akambusu kwenye paji la uso. Alikuwa anatazama kioo.

Kwenye fainali Bundi alicheza kwa namna iliyomfanya dada mtu aache cherehani. Mwisho wakabaki wawili, yeye na mwenzake mmoja. Huyo mwenzake alimjia kwa upande wa kushoto, taratibu, nyayo zikisikika kwa kila mtazamaji. Bundi hakugeuka hata kidogo, akapigwa akashindwa.

"Hedifoni imekufa kushoto!" alilia.

Fundi akaichukua, akaipima dukani, kisha akapiga simu. Alikuwa na hasira. Wateja wote walijua yeye ndiye kocha, na walikuwa wamemcheka siku nzima.

"Hedifoni ni nzima. Mchagua jembe si mkulima."

"Unasema nimedanganya?"

"Nasema ulilala. Nimekufundisha kushoto mara ngapi?"



"Kumbe ulimpenda bundi," msichana alisema. "Mimi ulikuwa unanivumilia tu."

Akakata simu. Fundi naye akavimba, akaapa hapigi tena. Alipopiga, kwa sababu viapo vya namna hiyo havidumu, simu haikupokelewa. Chaneli nayo ikanyamaza.

Hamu ilipomzidi akafungua mechi za zamani, pale pale mezani, wateja wakimsubiri. Kwa mara ya kwanza hakulitazama gemu. Alimtazama bundi kwenye kona. Akaona jicho la kushoto likianza kuchelewa kidogo, mechi iliyofuata likachelewa zaidi, kisha mdomo ukaning'inia, mpaka siku aliyoitengeneza programu, ambapo kila kitu kikawa kizuri ghafla. Mbele yake ilikuwapo ile hedifoni, nzima. Kamera ya kwanza nayo ilikuwa nzima tangu siku ile ya kwanza. Kilichobaki kuharibika ni mwenye kuvitumia.

Akaacha duka wazi, akakimbia.

Dada mtu alimfungulia mlango akiwa na kanga begani na chupa ya chai mkononi, njiani kwenda hospitali.

"Umechelewa, shemeji. Alianguka kazini. Ni uvimbe nyuma ya sikio, kwenye neva ya uso na ya kusikia. Jana wamempasua." Akafuta pua. "Daktari anashangaa. Anasema uso lazima ulianza kulegea mapema, angekuja wakati ule wangeuokoa. Anauliza, hakuna aliyeona?"

Fundi akauliza wodi tu. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua.

Wodini alimkuta amefungwa bendeji, shavu la kushoto limeporomoka, jicho limebandikwa plasta lisikauke. Alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umekuja kuniambia nililala?"

"Nimekuja kusema niliona. Kamera ilikuwa inasema kweli, nami nikaifundisha kusema uongo. Nilikuwa nataka bundi apendeze."

Bundi akamtazama kwa jicho lake moja.

"Toka."

Akatoka. Alilia kwenye ngazi mbele ya watu, na hakujali.

Mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha simu ilipoita.

"Fundi. Kamera yangu imeharibika."

"Imefanyaje?"

"Inaniona mzima."

Alimkuta mbele ya kompyuta, gauni lile la kijani limempwaya, nywele zinaota upya juu ya mshono. Kwenye kioo bundi alikuwa anatabasamu tabasamu ambalo mwenyewe hakuwa nalo tena. Fundi akafungua programu, akaondoa agizo lake. Bundi akaporomoka shavu, jicho likabaki wazi, limeganda.

"Haya," Bundi alisema. "Usimtazame yeye sasa. Nitazame mimi."

Akamtazama. Ilimuuma, na hakugeuza macho.

"Sijakusamehe bado."

"Najua."

"Na kipande kingine kimebaki ndani. Daktari ameogopa kukigusa. Kinaweza kukua tena."

"Nakupenda. Nataka tuoane, na kipande hicho."

"Una haraka kama mimi nilivyokuwa kabla hujanifundisha." Alivuta pumzi. "Sikio la kushoto halitarudi. Wote mtandaoni watajua, watakuwa wananijia huko huko."

Fundi akanyanyua kiti chake kutoka kulia karibu na soketi, akazunguka, akakaa kushoto kwake. Akavaa hedifoni ya pili.

"Mpaka lini utakaa hapo?" Bundi aliuliza, lakini alikuwa amemgeuzia upande usiosikia, na hakungoja jibu.

Mechi ikaanza. Watazamaji waliingia, wakaona sura ile ya bundi, na hakuna aliyetania kukonyeza. Nyayo zikasikika kushoto, taratibu. Fundi akamgusa bega, na safari hii aligeuka mapema.